Hiyo 0.85 Umeipata kwa Watu Wangapi?

Karatasi aliyoniletea binti yule ilikuwa safi. Jedwali limepigwa kwa rula, safu tano, kila jumla imekaa chini ya safu yake. Swali lenyewe ni la kawaida kabisa, la muhula wa kwanza: wanafunzi 5, saa walizojisomea kwa siku, na alama walizopata kwenye mtihani. Saa ni 1, 2, 3, 4 na 5. Alama, kwa mpangilio huohuo, ni 50, 56, 52, 64 na 63. Tafuta kipimo cha uhusiano wa mstari, yaani r, namba inayokaa kati ya -1 na 1, kisha ueleze maana yake.

Wastani wa saa alipata 3, wastani wa alama 57. Akatafuta kila namba iko mbali kiasi gani na wastani wake, akazidisha tofauti hizo jozi kwa jozi, akajumlisha, akapata 34. Tofauti za saa, kila moja ikiwa imepelekwa kwenye kipeo cha pili, zilimpa jumla ya 10. Za alama zilimpa 160. Kumi mara mia moja sitini ni 1,600, na kipeuo chake cha pili ni 40. Thelathini na nne gawanya kwa arobaini: 0.85. Hesabu haina doa. Kisha mstari wa mwisho, kwa wino wa rangi nyingine: "Kuna uhusiano mkubwa chanya kati ya kusoma na kufaulu."

"Mwalimu, mbona nimepewa nusu ya alama?" akaniuliza. "Nimekosea wapi?"

"Hiyo 0.85 umeipata kwa watu wangapi?"

"Watano."

"Na swali la kwanza kwenye karatasi hiyohiyo linahusu nini?"

Akageuza ukurasa. "Ukubwa wa sampuli."

"Maswali hayo mawili yanajuana?"

Akanyamaza kidogo, akaniangalia kama mtu anayehofia kutegwa. "Hapana, Mwalimu. Hizo ni sura mbili tofauti."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linaniuma, kwa sababu hata mimi nilifundishwa hivyohivyo. Ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu unaowapima badala ya kundi zima, ulikuja katikati ya muhula, tukaufanyia mazoezi, tukaufunga. Uhusiano wa mstari ukaja mwishoni, wiki kadhaa baadaye, na kufikia hapo n, ile idadi ya waliopimwa, ilikuwa imebaki herufi ya kujaza kwenye kanuni. Hakuna aliyetuambia kwamba sura ya pili ni ileile ya kwanza iliyobadilisha nguo. Nataka niieleze hapa kama nilivyomweleza yule binti, maana tulikaa naye karibu saa mbili.

Tulianza na lile swali la kwanza. Mtafiti anataka kukadiria wastani wa alama za kundi kubwa la wanafunzi. Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, unachukuliwa kuwa 15. Mtafiti anataka makadirio yake yasikosee kwa zaidi ya alama 2, kwa uhakika wa asilimia 95. Achukue wanafunzi wangapi? Kanuni ni fupi: zidisha 1.96 kwa 15, gawanya kwa kosa linaloruhusiwa, ambalo hapa ni 2, kisha jibu ulipeleke kwenye kipeo cha pili. Moja nukta tisa sita mara kumi na tano ni 29.4. Ukigawanya kwa 2 unapata 14.7. Kipeo chake cha pili ni 216.09.

Binti alikuwa ameandika 216, na hapo ndipo alama yake moja ilipotea. Shuleni tumezoea kwamba desimali ikiwa chini ya nusu inaachwa. Kwenye ukubwa wa sampuli hairuhusiwi. Nilimwomba arudi kinyumenyume: weka 216 na utafute kosa. Ishirini na tisa nukta nne gawanya kwa kipeuo cha pili cha 216 ni 2.0004. Kosa limepita 2. Kidogo sana, lakini limepita, na swali lilisema lisizidi. Weka 217 unapata 1.996. Limeingia ndani. Ile 216.09 ni sakafu: chini yake sharti limevunjika, na kwa kuwa huwezi kumhoji asilimia tisa ya mtu, unapanda hadi namba nzima inayofuata. Hata ikitoka 216.001, jibu ni 217. Akitambua kwamba kanuni inalinda ahadi, mwanafunzi hasahau tena. Akiambiwa tu "kwenye sampuli panda juu," atasahau kabla ya mtihani.

Halafu akauliza swali ambalo natamani kila mwanafunzi aliulize: "Mwalimu, hiyo 15 imetoka wapi? Kama hatujawapima hao watu, tumejuaje wanatawanyika kiasi gani?"

Swali zito. Kwenye karatasi ya mtihani 15 inaletwa bure. Kwenye kazi halisi hakuna anayekuletea. Unaitafuta kwenye utafiti uliofanywa na wengine juu ya kundi linalofanana na lako. Au unapima watu wachache kwanza, thelathini hivi, uone wanavyotawanyika. Au, ukikosa vyote, unakisia alama ya chini kabisa na ya juu kabisa, unachukua tofauti yake na kuigawanya kwa 4. Njia hii ya mwisho ni ya kukisia tu, lakini ina msingi: takwimu zikiwa na umbo la kengele, takribani asilimia 95 ya namba hukaa ndani ya michepuko miwili kila upande wa wastani, na miwili kwa miwili ni minne. Ukikosea hiyo 15, ukubwa wa sampuli nao umekosea, na kwa kipeo cha pili.

Hicho kipeo cha pili ndicho kinachowaumiza watu mifukoni. Nilimwambia abadilishe kosa kutoka alama 2 kuwa alama 1. Alitarajia sampuli iongezeke mara mbili. Ikatoka 864.36, yaani wanafunzi 865. Ukitaka usahihi mara mbili, lipa mara nne. Ukitaka mara tatu, lipa mara tisa. Kwenye kura za maoni ni hivyohivyo. Pale unapokadiria asilimia badala ya wastani, kanuni inataka ujue p, ile sehemu ya watu wanaosema ndiyo, ambayo ndiyo hasa unaitafuta. Njia ya kutoka ni kuweka 0.5, kwa sababu p ukiizidisha kwa (1 toa p) haiwezi kuzidi 0.25, na inafika huko p ikiwa nusu kwa nusu. Ukiweka 0.4 unapata 0.24, ukiweka 0.1 unapata 0.09. Kwa hiyo 0.5 ni kujiandaa kwa hali mbaya kuliko zote. Kwa uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5 linahitaji watu 385, la asilimia 3 watu 1,068, la asilimia 1 watu 9,604. Sasa msomaji anaelewa kwa nini kura nyingi za maoni zinahoji watu elfu moja na kidogo. Kushuka kutoka kosa la asilimia 3 hadi 1 kunadai watu zaidi ya elfu nane na nusu wa ziada.

Kuna kitu kimoja wanafunzi hawakubali hadi wakione kwa macho: ukubwa wa kundi zima karibu hauna kazi. Watu 385 wanatosha kwa kundi la milioni 1, na wanatosha kwa kundi la milioni 100. Daktari haongezi damu ya vipimo kwa sababu mgonjwa ni mnene. Chupa ileile ndogo inatosha, mradi damu imezunguka mwili mzima. Ni pale tu kundi linapokuwa dogo ndipo tunaruhusiwa kupunguza. Kwa kundi la watu 10,000 wale 385 wanashuka hadi 370. Kwa kundi la watu 1,000 wanashuka hadi 278. Zaidi ya laki moja, punguzo ni la mtu mmoja au wawili, halafu linakwisha kabisa.

Lakini sharti la damu kuzunguka ni la lazima. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma takribani kadi milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi. Majina yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojibu walikuwa wale tu waliojisikia kujibu. Gazeti likatabiri mgombea Landon atashinda kwa asilimia 57 dhidi ya 43 za Roosevelt. Roosevelt akapata karibu asilimia 61, akapoteza majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Ukiweka watu milioni 2 kwenye kanuni yetu, kosa linatoka chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Kosa halisi lilikuwa karibu asilimia 18. George Gallup, mwendeshaji wa kura za maoni, kwa sampuli ndogo zaidi kwa mbali, alimtaja mshindi sawasawa. Kanuni ya n inapima kosa la bahati peke yake, na inaanza kufanya kazi pale tu watu wamechaguliwa kwa nasibu. Kama mlango wa kuingilia kwenye sampuli ulikuwa umewafungia baadhi ya watu, n kubwa inaongeza tu ujasiri wa kusema uongo.

Binti akaniambia, "Sawa, hii nimeelewa. Lakini r inahusikaje?"

Nikamrudisha Dublin, mwaka 1908. William Sealy Gosset alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, na tatizo lake lilikuwa sampuli ndogo. Majaribio ya shayiri hayakuwa na maelfu ya vipimo. Yalikuwa na vinne, vitano, kumi. Nadharia ya wakati ule ilikuwa nzuri kwa sampuli kubwa na haikumwambia la maana kwa ndogo. Basi akachukua vipimo vya wafungwa 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati, akaviandika kwenye vipande vya kadi, akavichanganya vizuri na kuvipanga vinnevinne. Sampuli 750, zote zenye n ya 4. Akaangalia wastani wa kila sampuli unavyoyumba. Makala yake ilitoka katika jarida la Biometrika kwa jina la kalamu la Student, na kutoka hapo tukapata jedwali la t ambalo kila mwanafunzi wa takwimu analijua.

Jambo ambalo karibu hakuna anayewaambia wanafunzi ni kwamba mwaka huohuo wa 1908, katika jarida hilohilo, Gosset alitoa makala ya pili, na hiyo ilihusu r. Aliuliza swali lilelile: kama nina jozi chache tu za vipimo, r yangu inaweza kuyumba kiasi gani? Kwake yeye wastani na uhusiano vilikuwa tatizo moja. Ni sisi walimu tulioweka wiki sita katikati. Miaka saba baadaye, mwaka 1915, mwanatakwimu Ronald Fisher akaonyesha kwa hesabu kamili jinsi r inavyosambaa, na mwaka 1921 akatoa njia ya kuigeuza r ili mipaka yake, wa chini na wa juu, ambamo r ya kweli inakadiriwa kuwamo, iweze kuhesabiwa kirahisi. Hiyo ndiyo njia tuliyoitumia na binti.

Kabla ya mipaka, hata hivyo, nilimwomba afanye jambo moja. Mwanafunzi wa tano, yule wa saa 5 na alama 63, mchukulie kwamba siku ya mtihani aliamka na kichwa kinamuuma, akapata 53. Wengine wote waache walivyo. Akaanza upya. Wastani wa alama ukashuka kuwa 55. Jumla ya mazao ya jozi ikawa 14. Jumla ya vipeo vya pili vya alama ikawa 120. Kumi na nne gawanya kwa kipeuo cha pili cha 1,200: 0.40.

Akaangalia kikokotoo. Akarudia. 0.40.

Kichwa cha mtu mmoja kimeuma, na "uhusiano mkubwa chanya" umegeuka kuwa uhusiano wa wastani kwenda chini. Hakuna kitu kingine duniani kilichobadilika: kusoma hakujapoteza thamani, mtihani haujawa mgumu. Kama sentensi uliyoiandika kwa wino wa rangi inaweza kupinduliwa na maumivu ya kichwa ya mtu mmoja, basi sentensi hiyo ilikuwa imebeba mzigo ambao data haikuuweza.

Mipaka yenyewe inasema jambo hilohilo kwa namba. Kwa njia ya Fisher, r ya 0.85 inageuzwa kuwa 1.256. Kosa sanifu la namba hiyo, yaani kiasi inachoyumba kutoka sampuli hadi sampuli, ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha n toa 3. Hapa n ni 5, kwa hiyo ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 0.707. Zidisha kwa 1.96, toa na ujumlishe, kisha urudishe kwenye r. Mpaka wa chini ni -0.13. Mpaka wa juu ni 0.99.

Nilimwacha azitazame namba hizo mbili kwa muda. Kutoka -0.13 hadi 0.99. Kwa maneno ya kawaida: data yako inakubaliana na hali ambapo kusoma na kufaulu vinakwenda bega kwa bega karibu bila kupishana, na inakubaliana pia na hali ambapo anayesoma zaidi anafaulu kidogo chini ya mwenzake. Yote mawili yamo ndani. Ukiingia kwa njia ya t, inayopima kama r imepita kile ambacho bahati peke yake ingeweza kuleta, mambo ni yaleyale: t inatoka 2.79, na jedwali kwa digrii 3 za uhuru (n toa 2) linadai 3.182 ndipo ukatae nadharia tete kwamba hakuna uhusiano wowote. Hujafika.

"Na kama 0.85 hiyohiyo ningeipata kwa watu 50?" akauliza. Nilifurahi, maana swali hilo hakulitoa kwangu. Tukahesabu: mipaka ingekuwa 0.75 hadi 0.91. r ni ileile kabisa, herufi kwa herufi, na bado ni habari tofauti. Hapo ungeandika sentensi yako kwa wino wowote unaoutaka.

Njia nyingine ya kuliona hili, na naipenda kwa sababu haihitaji jedwali, ni kupunguza badala ya kuongeza. Chukua watu 2. Weka nukta 2 kwenye grafu. Mstari mmoja ulionyooka unapita kwenye nukta zote mbili daima, kwa hiyo r ni 1 au -1, hata kama umepima namba ya kiatu na idadi ya ndugu. (Isipokuwa nukta ziwe sawa upande mmoja, hapo r haipo kabisa.) Uhusiano "kamili" kwa bei ya bure. Ukiongeza mtu wa tatu ndipo data inaanza kupata uwezo wa kukupinga, na mtu huyo mmoja ndiye maana ya n toa 2 kwenye ile kanuni ya t: nukta 2 za kwanza zimeliwa na mstari wenyewe. Watu 5 maana yake sauti 3 tu zilizo huru kusema hapana.

Kwa hiyo r haina cheo chake yenyewe. Ile orodha tunayoikariri, kwamba 0.7 kwenda juu ni mkubwa, 0.4 ni wa wastani, inapaswa kuchanwa au angalau kuandikwa n pembeni yake. Ukitaka kuikataa nadharia tete kwa kiwango cha asilimia 5, jozi 5 zinadai r ifike 0.878. Jozi 10 zinadai 0.632. Jozi 30 zinadai 0.361. Jozi 100, 0.197. Jozi 1,000 zinaridhika na 0.062 tu. Na hapa kuna mtego upande wa pili, ambao sitaki kuuruka: kwa jozi 1,000, r ya 0.07 "ina maana kitakwimu," lakini kipeo chake cha pili ni 0.0049. Chini ya nusu ya asilimia moja ya mtawanyiko wa kitu kimoja ndiyo inayoelezwa na kingine. Watu wanaandika habari kubwa juu ya namba kama hizo. n kubwa imewapa haki ya kusema uhusiano upo. Haijawapa haki ya kusema ni wa maana kwa yeyote.

Juu ya grafu nitasema machache, kwa kuwa kila mwalimu anasema: ichore kwanza. Mwaka 1973 Frank Anscombe alitunga makundi manne ya data, kila moja lina jozi 11. Wastani wa x ni 9 kwa yote, wastani wa y ni 7.5 kwa yote, r ni takribani 0.816 kwa yote, na mstari ni uleule. Ukiyachora, la kwanza ni nukta za kawaida zinazopanda na kutawanyika. La pili ni upinde laini. La tatu ni mstari ulionyooka kabisa wenye nukta moja iliyokimbia. La nne ni nukta 10 zilizosimama wima kwenye x ya 8 na moja peke yake kwenye 19, ambayo ndiyo inayotengeneza uhusiano wote. Na ukitaka kinyume chake, chukua x kutoka -3 hadi 3 na y iwe kipeo cha pili cha x. Ukijua x unaijua y bila kubahatisha hata kidogo, na r ni sifuri. r inaona mistari tu.

Lile la "uhusiano si sababu" linarudiwa kila mahali, kwa hiyo naligusa kwa sababu moja tu, nayo ni n. Mwaka 1926 George Udny Yule alionyesha kwamba huko Uingereza, kuanzia 1866 hadi 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Anglikana ilihusiana na kiwango cha vifo kwa r ya karibu 0.95. Miaka 46. Ukienda kwenye jedwali na n ya 46, unashinda bila jasho. Lakini mwaka 1890 hauko huru na 1889. Vitu vyote viwili vilikuwa vinashuka polepole kwa miongo mingi, na mwaka mmoja unaurithi ule uliotangulia. Kwenye data za miaka, n unayoihesabu kwa vidole si n uliyonayo. Ni ndugu wa karibu wa kosa la mwaka 1936: kule kadi zilikuwa nyingi na mlango ulikuwa mmoja.

Tuliporudi kwenye karatasi yake, binti aliufuta mstari wa mwisho. Akakaa na kalamu mkononi. "Sasa niandike nini?"

Nilimwambia aandike anachokijua. Akaandika: r ni 0.85 kwa jozi 5. Mipaka ya asilimia 95 ni -0.13 hadi 0.99, data hizi hazitoshi kuthibitisha uhusiano wala kuukana. Sentensi ndefu zaidi, isiyo na wino wa rangi. Kwangu ndiyo yenye alama kamili.

Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba. Akageuza karatasi, akarudi kwenye swali la kwanza, akaniuliza kama kuna kanuni ya kujua mapema ni jozi ngapi zinatakiwa, kama ile ya wastani. Ipo, na inatoka kwa Fisher huyohuyo. Unakisia uhusiano wa kweli unaweza kuwa mkubwa kiasi gani, unaugeuza kwa njia yake, unagawanya 2.80 kwa namba hiyo, unapeleka kwenye kipeo cha pili, unaongeza 3. Ile 2.80 ni 1.96 ya uhakika wa asilimia 95 ukijumlisha 0.84, ambayo inakupa nafasi 80 kati ya 100 za kuuona uhusiano kama kweli upo. Kwa uhusiano mdogo wa 0.1 unahitaji jozi karibu 780. Kwa 0.3 unahitaji 85.

Yeye alichagua 0.6, akisema kusoma hakuwezi kuwa na uhusiano hafifu na kufaulu. Sikubishana naye. Aligeuza 0.6 akapata 0.693. Akagawanya, akapata 4.04. Akapeleka kwenye kipeo cha pili, akaongeza 3. Kikokotoo kikaonyesha 19.32.

Akaandika 20.